Isyonje hadi Uyole saa kumi alfajiri: taa ya pikipiki haioni mbali, nibadilishe globu?

Mpeleka Maziwa

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa mnaoendesha pikipiki usiku huku nyanda za juu.

Nakaa jirani na Isyonje, mkoani Mbeya. Kila siku saa kumi alfajiri nafunga keni 2 za maziwa, lita 40 kila moja, nashuka nazo Uyole. Pikipiki ni ya Kihindi, cc 125, ninayo mwaka wa nne sasa na injini haijawahi kunisumbua. Kinachonitesa ni taa. Nikiweka dimu naona hatua chache tu mbele ya tairi, tena mwanga wenyewe wa njano iliyofifia kama wa kibatari. Nikiweka fulu mwanga unaenda kwenye miti. Ukungu wa Umporoto ukishuka ndiyo basi kabisa, natembea kwa kufuata mstari mweupe wa pembeni.

Jumanne iliyopita nusura nife. Kabla ya kufika Igawilo kulikuwa na lori limeharibika, limeegeshwa upande wangu bila taa hata moja. Matawi walikuwa wameyaweka barabarani kama kawaida, lakini mimi niliyaona nikiwa nimeshayakanyaga. Nilikwepa kulia, na namshukuru Mungu hakukuwa na gari linalopanda. Nilifika Uyole mikono inatetemeka, nikashindwa hata kufungua kamba za keni.

Nimeuliza mafundi wawili. Mmoja ananiambia nifunge globu ya gari ya wati 60/55 (fulu 60, dimu 55), mwingine anataka nichukue LED nyeupe ya 15,000. Globu niliyonayo imeandikwa 12V 35/35W. Nifuate yupi? Natanguliza shukrani.

Kijiwe Soweto

Ugonile mkuu, pole sana. Chukua LED. Mimi niko nayo mwezi wa tatu, natoka Mafiati mpaka Mbalizi usiku na barabara yote ni nyeupe. Haili betri. Hiyo 60/55 usiiguse, jirani yangu kijiweni iliyeyusha soketi, nyaya zikashikana.

Tairi Kumi na Nane

Naandika kama dereva wa lori, njia yangu ni Dar hadi Tunduma. Naomba wenzangu wa pikipiki mnisikilize bila kukasirika.

Hizo LED nyeupe zinatuumiza. Nikiwa napanda Kitonga usiku, pikipiki inashuka na taa imeelekea juu, mwanga wote unaingia kwenye kioo changu. Tukishapishana, kwa sekunde mbili tatu sioni kitu. Hapo pembeni anaweza kuwepo mtu anatembea, au mwenye baiskeli ya mkaa. Mimi nimebeba tani 30, siwezi kusimama ghafla. Siwakatazi kuwa na taa nzuri, nanyi mna haki ya kuona. Ila ukifunga taa, kaa mbele yake wewe mwenyewe kwanza, uitazame kwa urefu wa macho ya anayekuja.

Na huyo aliyeacha lori gizani bila pembetatu za kuakisi amekosea sana, matawi peke yake hayatoshi. Pole ndugu yangu.

Fundi Nyaya

Mpeleka Maziwa, usinunue chochote kwanza. Mimi ni fundi umeme wa pikipiki, nipo Mafinga, na kazi ya taa hafifu naipata karibu kila wiki. Mara nyingi globu haina kosa, umeme ndio hauifikii. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mwanga ni wa njano iliyofifia. Globu ya halojeni, hii ya kawaida yenye waya ndani, ikishiba umeme hutoa mwanga mweupe wenye joto kidogo, ikikosa ndipo inageuka rangi ya kibatari.

Nijibu haya. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa inawaka? Ukiwasha na kuvuta mafuta, mwanga unaongezeka halafu unafifia ukiachia? Globu ina miguu mingapi nyuma? Na hizo keni unazifunga wapi?

Mpeleka Maziwa

Fundi, asante. Taa inawaka hata injini ikiwa imezimwa. Nikivuta mafuta inaongezeka kidogo sana. Globu ina miguu mitatu. Keni zinakaa kwenye kitako cha nyuma, moja kila upande, kwenye fremu niliyochomelewa.

Fundi Nyaya

Vizuri, basi taa yako inakula umeme wa betri na kazi inakuwa rahisi. Zipo pikipiki ambazo taa yake inachukua umeme moja kwa moja kwenye koili ya maginito bila kupita betri. Hizo ukizima injini taa inakufa, na ukiwa kwenye mlima kwa gia ndogo mwanga unapanda na kushuka na mlio wa injini.

Tafuta mtu mwenye mita ya kupimia umeme. Washa injini, weka dimu, ivutie mafuta kidogo. Pima kwanza kwenye vichwa vya betri, kisha pima kwenye soketi ya globu, nyuma kabisa, taa ikiwa inawaka. Ukipima imezimwa utadanganyika, maana hata waya uliooza ukabaki nyuzi mbili utakusomea volti kamili kama hakuna mzigo unaovuta.

Kwa nini nasisitiza volti? Kwa sababu globu ya halojeni haipungui mwanga sawasawa na umeme. Ukiipunguzia volti kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Volti mbili zikipotea njiani, kwenye swichi ya mkononi yenye kutu na waya mwembamba, umebaki na nusu ya taa uliyoinunua. Sasa mtu anaweka globu kubwa zaidi kwenye waya ule ule! Globu ya 60 inavuta ampea 5, yako ya 35 inavuta karibu 3. Waya unaochoka na 3, ukiulazimisha 5 unapata moto. Hicho ndicho kilichomkuta jirani wa Kijiwe Soweto.

Sikatai kwamba 60/55 ina mwanga zaidi. Yako kama ni aina ya HS1, kiwandani inapimwa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 825 kwenye fulu na 525 kwenye dimu. H4 ya gari, ndiyo hiyo 60/55, inatoa 1,650 na 1,000. Ni mara mbili. Lakini pia joto ni karibu mara mbili, na kisahani kinachong'aa ndani ya taa ya pikipiki ndogo hakikutengenezwa kwa joto hilo. Tena vile vichwa vya globu havifanani, ndiyo maana mafundi wanavipiga tupa ili viingie. Globu ikikaa upande kidogo tu, mwanga unatawanyika.

Wa Njombe Mjini

Mimi yangu ni hiyo ya koili, taa inakufa injini ikizima. Nilifunga LED bila kujua. Siku ya kwanza ilikuwa inacheza-cheza kama taa ya disko, wiki ya pili ikafa. Muuzaji alikataa kurudisha hela. Fundi, tatizo lilikuwa nini?

Fundi Nyaya

Umeme wa koili unageuka-geuka, huku na huku, na volti zake zinaruka ukivuta mafuta. LED inataka umeme wa upande mmoja uliotulia. Kwako ilipaswa kwanza taa ihamishiwe betri, na kabla ya hapo upime kama chaji ya betri inatosheleza. Ukihamisha bila kupima utasukuma pikipiki asubuhi.

Na kwa wote mnaoulizia LED, mimi siichukii. Inakula umeme kidogo na ikiwa nzuri inadumu. Tazameni kitu kimoja tu. Ndani ya globu yenu ya halojeni kuna nyuzi mbili. Ule wa dimu una kikombe kidogo cha chuma chini yake. Kikombe hicho kinazuia mwanga usipige nusu ya chini ya kisahani, hivyo wote unapiga juu na kuelekezwa barabarani. LED nyingi za bei ndogo hazina hicho kikombe, au vichipu vyake havikukaa mahali ulipokaa waya. Mwendeshaji anaona weupe mwingi karibu na tairi anafurahi, kumbe mbali hakuna kitu na mwenzake anayekuja hana macho.

Mwalimu Tukuyu

Kuhusu ukungu naomba niongeze, maana barabara hiyo ya Isyonje naipita kila mwisho wa wiki. Usiende na globu ya rangi ya bluu. Zile za halojeni zilizopakwa bluu rangi yake inachuja mwanga, unalipia zaidi unapata pungufu. Na ndani ya ukungu usiwashe fulu, utajijengea ukuta mweupe mbele ya uso.

Kijiwe Soweto

Mwalimu, si ndiyo maana tunafunga spoti za njano, zile taa ndogo za ziada? Njano inapasua ukungu.

Mwalimu Tukuyu

Spoti za njano nazikubali, sababu ndiyo siikubali. Matone ya ukungu ni makubwa mno kulinganisha na mawimbi ya mwanga, yanatawanya rangi zote karibu sawa. Hakuna inayopasua. Kinachosaidia ni taa kukaa chini, karibu na gadi ya injini, na mwanga wake kuwa mpana na kukatika juu, ili upite chini ya macho yako usikurudie. Njano haikereketi macho kama nyeupe yenye bluu, basi. Spoti nyeupe iliyofungwa chini vizuri itakusaidia kuliko ya njano uliyoifunga juu ya usukani.

Dada wa Zamu

Kaka, mimi ni muuguzi, naendesha kutoka zamu usiku upande wa Mufindi, nako ukungu tunaujua. Nimewahi kuhangaika na taa miezi miwili kumbe kioo cha helmeti kimejaa mikwaruzo. Kila taa ya gari ilikuwa inachanua kama nyota. Nilibadilisha kioo tu nikaona tofauti usiku ule ule. Angalia pia kioo cha taa yenyewe kama kimekuwa na ukungu wa manjano, msasa laini wa maji namba 1000 kisha 2000, halafu dawa ya meno na kitambaa. Ila kile kisahani cha ndani usikisugue, kitatoka mng'ao wote.

Na keni zako zibandike karatasi nyekundu za kuakisi kwa nyuma. Tunaowapokea usiku wengi wao wamegongwa kwa nyuma. Nakuomba sana hilo ulifanye kesho, usingoje taa.

Fundi Nyaya

Dada kaongea la maana. Sasa nirudi kwenye keni, ndiyo sababu nilikuuliza. Lita 80 za maziwa ni zaidi ya kilo 80, na zote ziko nyuma. Springi za nyuma zinazama, pua ya pikipiki inanyanyuka, taa inaangalia miti. Fundi aliyekupangia taa aliipanga pikipiki ikiwa tupu.

Ongeza ugumu wa springi za nyuma, kile kikombe cha chini kinazungushwa ngazi kwa ngazi. Kisha jaza keni maji, zifunge kama kawaida, kaa juu yake usiku mita 5 kutoka ukutani, pasiwe na mteremko. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama ya chaki ukutani kwa kimo hicho. Kwenye dimu, ukingo wa juu wa mwanga ukae sentimita 5 hadi 7 chini ya alama. Hapo utaona mbali na Tairi Kumi na Nane hatakulalamikia.

Mpeleka Maziwa

Wakuu, nimerudi baada ya siku tano. Naomba niwaeleze kilichotokea maana mmenisaidia kweli.

Nilimpata kijana mwenye mita pale Uyole. Betri ilisoma 13.6. Kwenye soketi, taa inawaka, 10.4! Tulifuata waya wa hasi tukakuta bolti yake kwenye fremu imejaa kutu na tope. Kuisafisha peke yake ilirudisha zaidi ya volti moja. Soketi nayo ilikuwa imeungua mguu mmoja.

Tumefunga soketi mpya na rilei 2 (swichi zinazoamshwa kwa umeme kidogo), ya dimu na ya fulu, waya mnene kutoka betri ukipita kwenye fyuzi ya ampea 10. Swichi ya mkononi sasa inaamsha rilei tu. Globu ni mpya, lakini ni ile ile 35/35 ya halojeni, na sikuigusa kioo kwa vidole, kijana alinionya kwamba mafuta ya ngozi yanaichoma. Sasa soketi inasoma 13.1.

Usiku nilijaza keni maji nikapanga taa ukutani, mke wangu akishika chaki. Ilibidi niishushe sana, mwanzoni ukingo wa mwanga ulikuwa juu ya alama ya chaki kwa karibu kiganja kizima.

Leo alfajiri nimeshuka. Pale pale lilipokuwa lile lori nimeona jiwe barabarani nikiwa mbali, nimepunguza taratibu nikalipita. Kwa spidi ya 60 unakula karibu mita 17 kila sekunde, nilikuwa nalijua hilo kichwani, leo nimelielewa. Karatasi za kuakisi nimebandika siku ile ile, Dada, Mungu akubariki.

Imebaki ukungu. Nataka spoti 2 ndogo za LED kwenye gadi, chini. Naweza kuziunga kwenye rilei ya dimu?

Fundi Nyaya

Safi sana. Hapana, usiziunge hapo. Zipe rilei yake, fyuzi yake na swichi yake, ili ukungu ukiisha uzizime na dimu ibaki. Zielekeze chini zaidi ya taa kubwa. Na kabla ya kuzifunga, zikiwa zinawaka pamoja na dimu na breki umeikanyaga, pima betri. Isiposhuka chini ya 13 injini ikiwa kwenye mwendo wa kawaida, uko salama.

Mpeleka Maziwa

Nimekupata fundi. Jumamosi nikishapeleka maziwa napitia Mwanjelwa kuzichukua, na mita nimenunua ya kwangu.