Vita vya Kagera: Julai 25 tunamkumbuka nani? Tupeane uzoefu

Mwana wa Muleba:
Wakuu, nimetoka kuangalia Siku ya Mashujaa kwenye runinga. Mkuki na ngao, sime, shada la maua, tarumbeta, dua na sala, watu wametawanyika. Nimekulia jirani na Kaboya, na wale askari waliozikwa pale wanastahili heshima yote. Kinachoniuma ni raia wa ng'ambo ya mto Kagera waliokufa mwishoni mwa 1978, jeshi la Idi Amin wa Uganda lilipovamia. Hawatajwi hata kwa sentensi moja. Kwenu mliambiwa nini kuhusu vita ile?

Napita Tu:
Uzi muhimu huu. Nitarudi.

Babu wa Ilala:
Nilikuwa shule ya msingi Dar. Mwalimu Nyerere aliposema redioni uwezo tunao, sababu tunazo, nia tunayo, mzee wangu alisimama sebuleni akapiga makofi peke yake. Hiyo ndiyo vita ya mjini. Ila ile miezi 18 ya kujifunga mikanda ikarefuka miaka. Foleni ya sabuni, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Waliokonda kwa ajili ya vita ile nao wana haki ya kukumbukwa.

Binti Bunazi:
Jamani, mmenitonesha kidonda. Nilikuwa na miaka minane, na sisi ni wa kaskazini ya mto. Askari wa Amin walipoingia tulilala kwenye migomba, mama ananyonyesha mdogo wangu. Kisha ikaja habari kwamba daraja la Kyaka limelipuliwa. Kwa mtu wa kwetu maana yake ni moja: Bukoba haifikiki tena, jeshi letu liko kule, sisi tumebaki na adui.

Ng'ombe wa babu waliswagwa kuelekea Mutukula, mpakani, mchana kweupe. Wakarudi kung'oa mabati ya nyumba yetu, misumari ikilia tunaisikia kutoka migombani. Baba alitoka kuwasihi. Walimtwisha mabati yale yale, ya paa lake mwenyewe, kichwani, wakamwambia twende. Hajarudi mpaka leo. Hatukuzika, hatukuanua matanga. Mama alikataa kuitwa mjane hadi anafariki. Sasa niambieni, Julai 25 nisimame wapi? Kaboya hayupo, hakuwa askari.

Napita Tu:
Pole sana dada. Chai imenishinda.

Mtu wa Masaka:
Poleni ndugu zangu. Na mimi niseme ya kwetu Uganda, naomba nisitukanwe. Februari 1979 JWTZ walipoiteka Masaka, majengo yalibomolewa kulipiza ya Kagera. Duka la shangazi yangu lilikwenda hapo. Na huyo shangazi Amin alishamuulia mume! Kampala ilipoanguka Aprili 11 alicheza barabarani, lakini duka hakulisahau. Huku kwetu sikukuu kubwa ni Januari 26, siku ya NRM, chama tawala, kuingia madarakani. Hiyo Aprili 11 vijana wengi hawaijui, kwa hiyo hata hao Watanzania waliofia kwetu wanasahaulika.

Chuma cha Pua:
Tumemwaga damu kuwakomboa, wewe unahesabu matofali? Amin angeondoka kwa maombi?

Babu wa Ilala:
Chuma, shangazi yake ndiye aliyevamia Kagera? Mtu kakwambia alishukuru na kaumia. Yote mawili ni kweli.

Chuma cha Pua:
Mzee shikamoo, lakini tukianza hivi kesho tutaambiwa tuombe radhi.

Mwana wa Muleba:
Na tukiombwa? Dada hapo juu anaombwa na nani? Tusivuruge uzi, tafadhali.

Mtoto wa Mgambo, Tabora:
Baba yangu alikwenda kama mgambo, akarudi na kikohozi. Ofisi moja ilimwambia jina lake halimo kwenye orodha. Sherehe zikianza huwa anazima redio. Nifanyeje?

Napita Tu:
Andika barua kwa mkuu wa mkoa, nakala weka.

Mama Kashozi:
Barua bila mtu wa kuifuatilia inalala mezani. Nenda mwenyewe, na wazee wawili waliokuwa naye mstari wa mbele.

Chuma cha Pua:
Kabla ya hayo yote mrekodi mzee kwenye simu. Kikosi, kamanda, njia waliyopita. Wazee hawa wanaondoka. Nami nasema hivi kwa sababu wangu sikumrekodi.

Binti Bunazi:
Mtu wa Masaka, nimekusoma, pole ya shangazi. Naomba kukuuliza. Tulisikia watu wa kwetu waliochukuliwa walipelekwa kambi ya kazi ngumu Kalisizo. Kuna makaburi huko? Kuna mzee anayejua?

Mtu wa Masaka:
Kalisizo si mbali na hapa, nina shemeji anaishi kule. Nitumie faragha jina la baba na la kijiji. Jumamosi nakwenda kuuliza wazee.