Vifaranga wa broila wanakufa wiki ya kwanza: OTC, enrofloksasini au kolistini?

MamaBanda_Kibaha
Wakuu, habari za majukumu. Nina vifaranga 300 wa broila, leo siku ya nne. Tangu juzi kila nikiamka nakuta wanne watano wamekufa. Matumbo yamejaa, kitovu hakijafunga, kibichi na kinanuka. Dukani wamenitajia antibayotiki tatu: OTC (oksitetrasaiklini), enrofloksasini na kolistini. Ipi inafaa? Bei zimepishana sana na sitaki kuzichanganya zote kwenye maji.

KukuWaMoro
Dada pole. Huo ni ugonjwa wa kitovu. Bakteria, mara nyingi E. koli, wameingia kwenye kiini cha yai kilichobaki tumboni. Kiini hicho kifaranga hukimaliza kwa siku tano hivi. Kikioza, anakosa lishe na sumu inamwingia mwilini.

Kolistini inabaki kwenye utumbo, haiendi kwenye damu. Kwa kuhara sawa, kwa kitovu unatupa hela. OTC inafika kwenye damu, ila E. koli wengi wameshaizoea, na maji ya kisima yenye chokaa yanaipunguza nguvu. Kati ya hizo tatu mimi naona enrofloksasini.

MzeeMaranda
Hapo kwa enrofloksasini sikubaliani nawe, mkuu. Marekani waliifuta kwa kuku mwaka 2005 kwa sababu bakteria wa kuku waliokuwa sugu walikuwa wanawafikia watu. Dawa ya namna hiyo haiwi ya kwanza kila vifaranga wakizubaa. Hata kolistini ni akiba ya hospitali kwa wagonjwa walioshindikana.

Mama, kwanza tazama bruda (sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga) usiku. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35. Wakirundikana chini ya taa, wana baridi, na kifaranga mwenye baridi hamalizi kiini chake. Wenye kitovu kibichi watoe leo hii, hawaponi, wanachafua maranda na maji ya wenzao. Na uliza kituo ulikonunua: kitovu kikiharibika kwa wengi namna hii, mara nyingi tatizo limeanzia kwenye mayai machafu au mashine ya kutotoleshea.

Juma_Broila
Na ile ya tailosini na doksisaiklini pamoja? Kwangu kila mtu anaisifia.

KukuWaMoro
Inasifiwa kwa mafua, Juma. Tailosini haimgusi E. koli, kwa hiyo hapo unategemea doksisaiklini peke yake.

DaktariMifugo_Dom
Mnalinganisha dawa kabla ya kujua ugonjwa. Kitovu kibichi kinaelekeza kwa E. koli, kweli. Lakini mama, angalia nyuma ya vifaranga: kama kuna kinyesi cheupe kilichoganda, inaweza kuwa salmonela ya kuhara kweupe. Hiyo mama kuku anaipitisha kwenye yai, na vifo huwa vingi zaidi wiki ya pili na ya tatu. Dawa inapunguza vifo, ila wanaopona wanabaki na vimelea. Na kama wanatweta huku maranda yana ukungu, huenda ni fangasi, na hakuna antibayotiki itakayosaidia.

Kibaha hadi maabara ya veterinari Temeke si mbali. Peleka waliokufa alfajiri, hata na wagonjwa wachache walio hai, KABLA ya kuwapa dawa yoyote. Waliokufa wakae kwenye barafu, wasigande. Omba wapime na dawa gani inawaua bakteria hao. Majibu yanachukua siku kadhaa, kwa hiyo ukishatoa sampuli, ofisa mifugo wako anaweza kukuanzishia dawa moja, kwa kipimo kamili na siku zote zilizoandikwa. Usikatishe vifo vikipungua.

MamaBanda_Kibaha
Asanteni sana. Nimeangalia, wachache wana weupe nyuma. Taa nimeongeza, wenye kitovu kibichi nimewatenga, na kesho asubuhi naenda Temeke. Sasa chanjo ya kideri ya siku ya saba nifanyeje?

DaktariMifugo_Dom
Kundi likiwa bado linakufa, isogeze mbele kwanza, tuone majibu. Na kama unaweka klorini kwenye maji, iache siku moja kabla ya chanjo, maana inaiua.

MzeeMaranda
Mama, jioni tuambie usiku wamelala wametawanyika au wamerundikana.