Kwa nini 0123 inageuka 83 kwenye JavaScript, na Python inaikataa?

Mwana_Rungwe: Wakuu, natengeneza mfumo wa kupokea parachichi za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja huku Rungwe. Namba za wakulima ni tarakimu nne, nimeziandika moja kwa moja ndani ya kodi ya programu. 0123 inatoka 83, lakini 0189 inatoka 189 vizuri tu. Python 3 inagoma kabisa. Tabia hii imetoka wapi?

Fundi_Uyole: Mkuu, hiyo ni ya ukoo. Lugha ya B ya Ken Thompson ilianzia kwenye PDP-7, mashine ya biti 18. Kumi na nane inagawanyika kwa tatu, na tarakimu moja ya mfumo wa nane (wenye 0 hadi 7 tu) huchukua biti tatu, hivyo mfumo huo ulikuwa rahisi kutumia, na sufuri ya mbele ikawa alama yake. C ikairithi B. Java na JavaScript, zote za 1995, zikachukua sura ya C pamoja na hilo. Basi 0123 ni 64 + 16 + 3 = 83. Kwenye 0189 kuna 8 na 9, ambazo hazimo katika mfumo wa nane, kwa hiyo JavaScript inaisoma kawaida bila kulalamika. Ukimya huo ndio hatari kubwa. Weka "use strict" juu ya faili, itazikataa zote mbili.

kodi_iringa: Python 3 ya 2008 ilikata mzizi huo: unaandika 0o123. Kwa Rust, 0123 ni 123 tu. Go imebaki na sufuri ya C, na Thompson huyohuyo ni mmoja wa walioibuni.

Mwana_Rungwe: Na zile zilizokwisha kuingia kwenye hifadhidata, nizirudishe kwa toString(8), ile inayoandika namba kwa mfumo wa nane?

Fundi_Uyole: Usifanye hivyo! 83 inaweza kuwa 0123, inaweza pia kuwa 0083, maana 0083 ina 8 na ilisomwa kawaida. Hesabu haiwezi kuzitenganisha. Linganisha na daftari la wanachama, jina kwa jina. Halafu badilisha safu ya namba hizo kwenye hifadhidata iwe CHAR(4), yaani maandishi ya herufi nne, si INT, yaani namba kamili, na kwenye kodi andika "0123" ndani ya alama za nukuu, kwa kuwa namba ya mkulima haijumlishwi wala haigawanywi. Faili za CSV nazo usizifungue Excel kwa kubofya tu, itafuta sufuri. Ziingize huku safu hiyo ukiitaja kuwa maandishi.