RAV4 ya zamani injini 3S-FE inalia upande wa mkanda wa taiming, ni tenshena au wota pampu? Nataka kubadili nyumbani

DadaWaNyegezi:
Wakuu habari za jioni. Nina RAV4 ya zamani ile ya milango mitano, SXA11, injini 3S-FE otomatiki. Kuna mlio umeanza upande wa kulia wa injini pale kwenye mikanda, asubuhi nikiwasha ikiwa ya baridi inalia njiiiii nyembamba, ikishapata moto mlio unapungua ila hauishi, na nikikanyaga resi nao unapanda. Nikiwa barabara kubwa kutoka Nyegezi kuja mjini Mwanza siusikii sana, lakini nikipandisha kule Bugarika penye mawe na kuta karibu na barabara unarudi wote kwenye dirisha na ndani yake kuna kitu kama mkwaruzo hivi.

Mkanda wa taiming ulibadilishwa gereji moja hapa mjini na si zamani sana. Tenshena, ile puli inayokaza mkanda, waliiacha ileile, niliambiwa bado nzima. Nilikuwepo wakati wanaukaza, mmoja alichomeka nondo akawa anaisukuma tenshena kwa nguvu na mwenzake akafunga bolti. Sasa nimezunguka kwa mafundi watatu, mmoja anasema wota pampu, mwingine altaneta, wa tatu anasema tupige tu grisi kwenye beringi kwa bomba la sindano itanyamaza.

Mdogo wangu ana soketi kamili na jeki, uwanja tunao una sakafu ya saruji, tunataka kufanya wenyewe. Nitajuaje ni kipi kinacholia kabla sijanunua spea? Na huu mkanda ukikatika injini ndo imekufa au? Na nikibadili tenshena ni lazima na mkanda wakati bado mpya?

kijana_wa_Bwiru:
Dada pole. Mie naungana na wa grisi, Carina yetu ilikuwa inalia hivyohivyo tukanyanyua ile sili ya mpira ya beringi kwa ncha ya bisibisi tukasukumia grisi na ikanyamaza kabisa. Gharama ndogo, jaribu hiyo kwanza kabla ya kuingia kwenye maduka ya spea.

FundiIgoma:
Mwadila dada. Kijana wa Bwiru naheshimu mchango wako ila kwenye taiming sikubaliani kabisa. Ile beringi imefungwa kiwandani na grisi ya kustahimili joto, ukishaona imeanza kulia maana yake grisi imekauka na gololi zimeshachimba njia yake, grisi mpya inaficha sauti na chuma kinaendelea kulika kimyakimya. Na ile sili ukishaibinua haikai tena kama zamani, grisi inatoka inarukia mkanda, na mkanda wa taiming ni adui mkubwa wa grisi na oili.

Dada tuanze na kujua sauti inatoka wapi. Injini ikiwa ya baridi fungua fani belti zote mbili, yaani mikanda ya nje, ya altaneta na ya pawa stelingi, halafu washa kwa muda mfupi tu, isizidi dakika moja, usikilize. Mlio ukipotea shida iko nje, ni altaneta au pampu ya stelingi au mikanda yenyewe, na hapo huna haja ya kugusa taiming. Mlio ukibaki basi uko ndani ya kava. Ila hapa wengi wanapotea, kwenye 3S-FE wota pampu haizungushwi na fani belti, inazungushwa na mkanda huohuo wa taiming, na oili pampu pia. Kwa hiyo mlio ukibaki washukiwa ni tenshena yenye springi, puli ya pili isiyo na springi, na wota pampu.

Kuvitenganisha chukua bisibisi ndefu, ncha iguse chuma cha injini karibu na kila kimoja, mpini uweke kwenye mfupa chini ya sikio, nywele na mtandio ufunge vizuri mbali na mikanda. Wota pampu ikiwa ndo mgonjwa mara nyingi utakuta na alama ya kulanti, maji ya kupozea injini, iliyokauka chini yake, kuna katundu kadogo kamewekwa makusudi pavujie hapo. Kulanti ikiwa haipungui na hakuna alama, mimi naelekeza kidole kwenye tenshena, hasa kwa hiyo habari ya nondo uliyosema.

Maana tenshena ya hii injini haikazwi kwa mkono wa mtu. Springi ndo inavuta, bolti kazi yake ni kuishikilia pale springi ilipoifikisha, basi. Ukiisukuma kwa nondo mkanda unakaza kupita kiasi, unalia, na mzigo wote unabebwa na beringi za tenshena na wota pampu, kwa hiyo tenshena iliyokuwa na maisha inakufa kabla ya mkanda mpya. Hili naliona sana na linaniuma kwa sababu mwenye gari anaambiwa spea ni feki kumbe ni ufungaji.

Swali la kukatika. 3S-FE ni salama, pistoni na valvu hazifikiani, mkanda ukikatika injini inazima tu, ukivaa mwingine kwa alama zake inawaka. Lakini usikae ukategemea hilo, fikiria imezimika uko katikati ya mlima Bugarika, stelingi inakuwa nzito na breki ukishakanyaga mara mbili tatu zinakuwa ngumu, na nyuma yako kuna bodaboda na daladala.

mama_spea_mjini:
Dada karibu. Kuhusu mkanda, ukishaifungua yote hiyo kwa ajili ya tenshena, na mkanda uliopo umekazwa kwa nondo, kwa kweli badili vyote, mkanda na tenshena na puli ya pili na ile springi. Kuurudisha mkanda uliokwishavutika ni kuiweka tenshena mpya kwenye shida ya zamani.

Dukani usiseme tu nipe ya RAV4, utapewa ya Kili Time, RAV4 iliyofuata baada ya hii yako, na ile ni cheni wala haina mkanda. Sema 3S-FE, na nenda na puli yako ya zamani mkononi uzilinganishe upana, kimo na tundu la bolti. Zungusha mpya kwa kidole, nzuri inazunguka laini na inashikwa kidogo na grisi yake, ikizunguka yenyewe muda mrefu kama pia ya mtoto ujue ndani kukavu hata kama boksi linang'aa. Ya mtumba kutoka Japan usichukue kwa kitu cha taiming, hata kama ni oji, yaani orijino, kwa sababu hujui imetembea kilomita ngapi.

Halafu angalia kwenye kava la taiming au chini ya boneti kama kuna stika ya Kijapani. Gereji za kule zikibadili mkanda zinabandika stika yenye tarehe na kilomita. Mwaka mara nyingi ni wa hesabu yao ya Heisei, ongeza 1988 utapata wa kwetu, kwa hiyo ukiona 20 ni 2008. Toyota wa Japan wanasema kilomita 100,000 ndo mwisho wa mkanda, na mpira unazeeka pia gari likikaa tu.

DadaWaNyegezi:
Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nimefanya lile jaribio la fani belti na mlio umebaki vilevile. Kwa bisibisi, kwenye wota pampu nasikia mvumo wa kawaida tu, ila nikishuka kuelekea kwenye tenshena inakwaruza kama inasaga mchanga. Kulanti haijapungua. Kava la juu tumefungua, mkanda una nyuzinyuzi zimechomoza ukingo mmoja, meno yake mazima. Mzee wa Igoma naomba utuelekeze hatua, hasa kwenye alama, hapo ndo mdogo wangu anapoogopa.

FundiIgoma:
Vizuri sana, sasa mna uhakika. Nyuzi kuchomoza ukingo mmoja ni dalili kwamba puli haikai wima tena, beringi imelegea na mkanda unatembea upande.

Toa nyaya hasi ya betri. Weka gogo kwenye magurudumu ya nyuma, inua mbele kulia, weka stendi, jeki peke yake msiiamini hata kwa dakika. Toa tairi na plastiki ya ndani, fani belti, na plagi zote nne ili injini iwe nyepesi kuzungusha kwa mkono. Kwenye RAV4 maunting ya kulia, ile inayoshikilia injini kwenye bodi, lazima itoke, kwa hiyo weka jeki chini ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kipande cha mbao kipana katikati, ibebe uzito tu isinyanyue, mkisahau mbao mtaibonyeza sampu.

Alama sasa. Zungusha krenki, ile shafti kuu ya chini, kwa spana kufuata mshale wa saa ukiwa umeitazama puli, mpaka mchirizi wa puli uangalie sifuri kwenye kava la chini. Kisha angalia puli ya kemu, shafti ya juu inayofungua valvu, ina katundu kadogo, chungulia ndani yake uone alama iliyoko kwenye kepu ya beringi ya kemu, zikae katikati kabisa. Kama huioni, zungusha krenki mzunguko mmoja kamili utaikuta, kwa sababu kemu inazunguka mara moja krenki ikizunguka mara mbili. Hapo kabla ya kutoa chochote pakeni rangi ya kucha nyeupe kwenye kila alama na mpige picha na simu, mdogo wako woga utamwisha.

Bolti ya puli ya krenki ndo ngumu kuliko zote. Msiilegeze kwa kupiga stata kama wanavyofanya wengi, spana ikiteleza inavunja mkono. Puli ina matundu mawili yenye nyuzi usoni, fungeni bapa la chuma kwa bolti mbili, bapa liegemee chini, halafu mpini mrefu. Ikitoka, toa kava la chini, legeza bolti ya tenshena, isukume mbali na mkanda, ifunge kidogo ikae hapo, mkanda utoke. Toa tenshena, springi na puli ya pili. Springi ya zamani ukiiona mizunguko yake imeachana wakati haijavutwa, imechoka.

Mkiwa hapo angalieni sili ya oili ya kemu na ya krenki. Ikiwa na unyevu badilini sasahivi, oili ikifika kwenye mkanda mpya kazi yote ni bure. Mkanda mpya msiukunje, msiugeuze nje ndani, msipake kitu chochote wala sabuni.

Kufunga: puli mpya zote, tenshena isukumwe pembeni na kushikwa kwa muda, alama zote zipo, vaa mkanda ukianzia krenki, na ule upande usio na tenshena uwe umenyooka hauna ulegevu kati ya krenki na kemu. Halafu legeza bolti ya tenshena nusu mzunguko, springi itavuta yenyewe, mikono mbali. Zungusha krenki polepole mizunguko miwili kufuata saa, kamwe usirudishe nyuma, ukihisi inagoma simama usilazimishe. Ikirudi kwenye sifuri tazama kemu. Alama zimekutana, funga bolti ya tenshena newtoni mita 42, bolti ya krenki 108. Kama jino moja limepishana, vua uanze upya, usijidanganye kwamba distributa italirekebisha.

kijana_wa_Bwiru:
Mzee wa Igoma hapa nimeelewa, na kwa nini kuzungusha mara mbili kabla ya kufunga? Mafundi wengi naona wanafunga palepale.

FundiIgoma:
Mkanda ukivaliwa ulegevu wake unakuwa umejificha sehemu sehemu, mwingine upande wa oili pampu, mwingine upande wa wota pampu. Ukizungusha unakusanyika wote upande wa tenshena na springi inaumeza. Ukifunga kabla, bolti inaishikilia tenshena mahali pa uongo na kesho mkanda unapigapiga kava tak tak tak.

DadaWaNyegezi:
Wakuu tumemaliza, gari imewaka na mlio hakuna. Bolti ya krenki ilitusumbua kuliko kazi yote iliyobaki, ila bapa la chuma limefanya kazi. Tenshena ya zamani nimeishika mkononi, ukiitikisa inacheza kushoto kulia, na ukiizungusha unasikia vidoto vya gololi chini ya kidole. Sili ya kemu ilikuwa na unyevu tumebadili. Nimepandisha Bugarika madirisha yote wazi, nasikia tairi tu. Mzee shikamoo, na mama wa spea ahsante, puli ya kwanza niliyopewa dukani ilikuwa nyembamba kuliko yetu, ningeibeba bila kulinganisha ingekuwa hasara.

dereva_Sengerema:
Hongera dada. Naombeni na mie hapohapo, nina Hiace injini 5L ya dizeli, inafanya safari za Busisi, taa ya mkanda wa taiming kwenye dashi imewaka ila haina mlio wowote na nguvu ipo. Naweza kusubiri mwisho wa mwezi?

FundiIgoma:
Mdogo wangu usisubiri. Ile taa inahesabu kilomita tu, haijui hali ya mkanda wala tenshena, na kama mita imewahi kubadilishwa huenda imechelewa kuwaka. Halafu wewe huna bahati ya 3S-FE, dizeli pistoni zinapanda mpaka karibu kabisa na valvu, mkanda ukikatika zinagongana na unanunua kichwa cha injini. Kwenye 5L mkanda huo unazungusha na pampu ya dizeli, kwa hiyo ukiruka jino utaona moshi na kuwaka kwa shida, lakini mara nyingi haukupi hiyo nafasi, unakatika tu ukiwa na abiria. Fungua kava uangalie, na ununue mkanda na tenshena kwa pamoja.