Tupeane uzoefu: kamera ya filamu ya okazioni (iliyokwisha kutumika) kwa picha za nyuso, ukiwa na feza kidogo

Wa Ibanda, Bukavu (mwenye uzi)

Jambo yenu wote. Nimeweka kando dola 150, nimezichanga tangu Januari kwa kusuka nywele, na nataka kamera ya filamu kwa kazi moja tu: nyuso za watu. Bibi zetu, mama zetu, watoto wa jirani, mmoja mmoja, wamekaa mbele yangu. Nyumbani tuna kopo la biskuti lenye negatifu za babu, za miaka ya 1970. Picha za karatasi zilipotea katika kuhamahama, lakini negatifu zipo, na mwaka jana tulisafishisha upya sura yake (yaani ilichapwa tena kwenye karatasi), ikatoka utadhani alipigwa jana. Za kwenye simu zangu mbili zilizoibwa sina hata moja.

Nianze na yangu, maana naomba ya wenzangu. Miaka miwili iliyopita nilinunua Canon AE-1 kwa dola 70, upande wa Nyawera. Ilikuwa inang'aa. Nikafika nyumbani, nikaweka filamu, nikabonyeza: kimya. Kamera ile, ya mwaka 1976, shata yake (pazia la ndani linalofunguka mwanga upite) inategemea umeme; bila pile (betri) ya volti 6 haikupi picha hata moja. Nilitafuta pile hiyo wiki tatu. Mwishowe fundi saa mmoja akanipangia pile nne ndogo za LR44, moja juu ya nyingine, akazizungushia karatasi ngumu. Volti 6 zilezile. Ikafufuka, ikafanya kazi miezi mitano, halafu ikaanza kulia kila nikipiga, kama mlango uliokauka bawaba. Sikupata mtu wa kuifungua.

Kwa hiyo niambieni: ulinunua nini, kilikudanganya nini, na leo ungenunua nini?

Wa Kadutu, Bukavu

Mwanangu, jambo. Nimepiga foto Kadutu tangu 1986, passport, ubatizo, wachumba. Kabla ya kutaja kamera, azima mita ya seremala upime sebule yenu. Hapo ndipo watu wanapotezea feza. Wananunua lenzi ambayo chumba chao hakiwezi kuibeba.

Filamu ya milimita 35 ina picha ya milimita 24 kwa 36. Simamisha kamera wima. Lenzi ya milimita 50, ukikaa mita 3 na mtu, inachukua mita 2 na zaidi kwa kimo: unampata mzima pamoja na viatu. Ukitaka kichwa na mabega, itabidi umsogelee mpaka kama mita 1 na sentimita 20, na ukizidi kusogea, pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Watu husema lenzi ni mbaya. Lenzi haina kosa, kosa ni kusogea mno. Lenzi ya 85 kwa mita 2 inakupa sentimita 85, ambayo ni kichwa na mabega bila kumpumulia mtu usoni. Ya 135 inataka mita 3 ili ikupe karibu kipimo hichohicho. Ongeza nusu mita nyuma ya kiti ili kivuli kisianguke ukutani, na nafasi yako wewe mwenyewe ya kusimama.

Sasa bei. 85 ni ghali, kila mtu anaitaka. 135 ya f/2.8 (namba ya upana wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) ni rahisi, kwa sababu zamani karibu kila aliyenunua kamera aliongezea 135, na leo zimejaa masanduku ya dunia nzima. Studio yangu ilikuwa na mita 3 na nusu. Nilifanya hivi: mteja anakaa ndani, mimi nasimama uchochoroni, mlango wazi, napiga kupitia mlangoni. Miaka kumi na minne. Wapita njia walinizoea, wakawa wanainama wenyewe.

Na usidhani ni lazima taa. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake 1948, alipiga uani mchana, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda. Filamu ilikuwa ghali, akazoea kumpiga mtu mara moja tu. Maana yake alimtengeneza mtu kwanza: mkono, shingo, macho. Hiyo haiuzwi pamoja na kamera.

Upande wa kamera yenyewe, chukua inayopiga bila pile. Pentax K1000, Nikon FM, Minolta SR-T 101: pile ni ya kipima mwanga tu, ikiisha bado unafanya kazi. Ila Minolta ile ilitengenezewa pile ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena. Ukiweka ya 1.5 ya leo, kipimo kinakosea. Jua hilo kabla ya kulipa.

Wa Himbi, Goma

Aksanti mzee. Mimi nilinunua kwa moyo, nikajifunza kwa maumivu.

Studio ya baba ilikuwa katikati ya mji. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita juu yake, na kamera yake ya Zenit ikabaki chini. Nilipoanza kupiga picha sikutaka kamera nyingine. Nilitafuta Zenit E mwaka mzima, nikaipata kwa dola 45 pamoja na lenzi yake ya Helios 44-2, milimita 58, f/2.

Lenzi: sijutii. Mweke mtu mita 2 mbele ya majani, yaani miti iwe mbali nyuma yake, fungua f/2, majani yanazunguka kama kisulisuli na uso unabaki mtulivu katikati. Wateja wananiuliza ni programu gani ya simu.

Mwili wa kamera: huo ulinitesa. Dirisha lake la kutazamia ni giza, na linakuonyesha kidogo kuliko kinachoingia kwenye filamu. Unadhani umekata ndoo iliyo pembeni, picha inatoka, ndoo ipo. Halafu unafungua lenzi ili ulenge, kisha unaifunga kwa mkono kabla ya kubonyeza. Bibi anakusubiri. Mtoto wa miaka mitatu hakusubiri: nilipiga filamu nzima ya mtoto wa dada yangu nikapata picha nne zilizo kali. Na shata yake ni ya kitambaa. Ya kwangu ilikuwa na vitobo viwili ambavyo sikuviona, kila picha ikatoka na nukta mbili nyeupe mahali palepale, moja juu ya shavu la bibi harusi. Nililia, sifichi. Ukiwa kwa muuzaji, toa lenzi, ingia mahali pa giza, fungua mgongo wa kamera, mulika kitambaa kwa tochi upande mmoja ukitazama upande wa pili. Nukta ya mwanga ikionekana, rudisha.

Leo Helios yangu inakaa kwenye Praktica, kwa sababu zote mbili zina uzi wa M42 (skrubu ya kufungia lenzi). Shata ya chuma, dirisha lenye mwanga. Dada wa Ibanda, nunua kwa macho. Kumbukumbu ya babu yako itakaa ndani ya picha utakazopiga.

Wa Muhumba, Bukavu

Kuvu, kuvu, kuvu. Tunaishi kando ya ziwa, mvua Septemba mpaka Mei. Nilinunua lenzi ya 50 safi nje kama sahani, nikaipeleka dirishani kupiga, picha zote zikatoka za kijivu, weusi hauko weusi. Nilipomulika ndani nikaona utando kama wa buibui.

Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, tochi ya simu nyuma, wewe tazama kwa mshazari kutoka mbele. Vumbi dogo si kitu. Utando, au kioo kizima kuwa kama kimepumuliwa, acha. Na ukishanunua, usiiweke kwenye mfuko wake wa ngozi. Ngozi inashika unyevu. Mimi naweka lenzi zangu kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya chumvichumvi vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mwaka wa nne, hakuna kuvu.

Wa Ibanda (mwenye uzi)

Mzee, nimepima. Sebule ni mita 3 na sentimita 40 kwa 4 na 10. Ila mlango wa sebule unatazama ukumbi wa nje wenye mita 2 zaidi. Kumbe 135 inaingia.

Swali: kipima mwanga kikiwa kimekufa, niiache kamera?

Wa Katuba, Lubumbashi

Jambo, yaya (dada yangu). Usiiache, omba punguzo. Mimi nilipata Nikon FM kwa bei ya chini kwa sababu hiyohiyo, na nimeishi bila kipimo misimu mitatu. Jua kali, hakuna wingu: f/16, na kasi ya shata iliyo karibu na namba ya filamu (ISO, wepesi wake wa kushika mwanga). Filamu ya 200, basi 1/250. Kwenye kivuli cha wazi, yaani chini ya mwembe au kando ya ukuta huku mbingu iko wazi juu, fungua hatua tatu: f/5.6. Kivuli hicho ndicho mahali pa nyuso. Jua la saa sita linachimba mashimo machoni.

Lakini ninachotaka kusema zaidi ni kuhusu ngozi zetu, kwa sababu kiliniharibia harusi ya kwanza. Kipima mwanga cha kamera za zamani kinachukua wastani wa kila kitu kinachokiona na kukifanya kijivu. Bibi harusi alivaa gauni jeupe, nyuma yake ukuta mweupe. Kipimo kikasema mwanga ni mwingi, nikakitii. Gauni likatoka zuri, uso wake ukatoka kama kivuli. Mama yake aliitazama picha muda mrefu, akaniuliza, «Mwanangu umemficha wapi?»

Tangu siku ile, nikishika kamera yenye kipimo, nasogea mpaka uso ujaze dirisha, napima hapo, ndipo narudi nyuma kupiga. Na filamu ya rangi ya 200 naipiga kama ni ya 100. Negatifu ya rangi inavumilia mwanga kuzidi. Ikipungukiwa, weusi wa uso unakuwa matope na hakuna wa kuurudisha. Tukumbuke pia kwamba zamani laboratwari zilisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe, wakaiita Shirley. Filamu za leo ni bora sana, lakini uamuzi wa mwanga juu ya uso wa mama yako uwe wako, usiuachie sindano ya kipimo.

Wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi

Hakuna aliyegusa filamu, na ndiyo inayokula feza. Yaya, usimalizie 150 zote kwenye kamera. Mimi nilifanya hivyo, nikakaa na kamera nzuri tupu miezi miwili.

Napiga nyeusi na nyeupe, nanunua roli refu la mita 30 na nusu, najaza mikebe mwenyewe gizani: filamu kama 18 za picha 36. Nasafisha nyumbani, yaani naitoa picha kwa dawa. Filamu ya HP5 kwenye dawa ya D-76 isiyoongezwa maji ni dakika 7 na nusu, digrii 20. Kwetu Oktoba maji ya bomba hayakubali digrii 20, kwa hiyo naweka chupa ya dawa ndani ya beseni lenye barafu. Rangi sisafishi mwenyewe: inataka digrii 38 kamili, na kwa umeme huu wetu sijiamini. Nakusanya filamu tano sita, natuma na msafiri.

Wa Birere, Goma

Mimi ni fundi. Nyongeza fupi. Fungua mgongo wa kamera, gusa sponji nyeusi za pembeni. Zikikuchafua kidole kama lami, mwanga utaingia. Si sababu ya kuikataa, ni sababu ya kushusha bei: ng'oa, safisha kwa spiriti, bandika uzi wa sufi mweusi kwenye mfereji. Juu ya kioo kinachoruka, pale kinapogonga, pia kuna sponji, usiisahau. Weka shata kwenye sekunde 1, usikilize, kisha nusu, kisha robo. Zikiwa sawa zote au ikikwama wazi, mafuta yameganda. Fungua mahali pa pile: kutu ya kijani kidogo inatoka kwa siki, ikiwa imekula waya, achana nayo. Na nenda na filamu mbovu iliyoharibika mwanga, uipitishe nzima mbele ya muuzaji. Kitasa cha kurudishia filamu kizunguke kila unapovuta mkono wa kuisogeza. Kisipozunguka, filamu haitembei, na utapiga harusi nzima juu ya picha moja.

Wa Ibanda (mwenye uzi)

Nimerudi, baada ya wiki tano. Niliwaahidi.

Nilikataa kamera tatu kwa tochi. Ya tatu ilikuwa nzuri mno kwa nje, muuzaji alikasirika nilipoomba kufungua mgongo. Ya nne ni Pentax K1000 yenye 50 f/2, dola 60, kipimo kinafanya kazi. Haina swichi ya kuzima kipimo, kwa hiyo kifuniko cha lenzi kinakaa muda wote ili pile isiishe. Juu yake nikapata 135 ya uzi wa M42 na pete yake ya kuigeuza, dola 35. Zilizobaki zimekwenda kwenye filamu na usafishaji.

Filamu ya kwanza: picha sita zina mstari wa rangi ya chungwa pembeni. Sponji. Nimeng'oa, nimeweka uzi wa sufi niliobakiza kwenye nywele za mteja, filamu ya pili haina mstari.

Mama nilimpiga kutoka ukumbini kupitia mlangoni, kama mzee alivyosema, dirisha upande wake wa kushoto, nikapima shavu lake. Kiti nilikuwa nimekibana ukutani na kivuli kikamganda nyuma. Kwenye picha ya nne nilikisogeza mbele, na hiyo ndiyo iliyotoka. Ameiomba kubwa, ya kuweka karibu na ile ya babu. Kesho saa tatu asubuhi nakwenda Bagira kwa bibi mzaa mama, kabla mvua haijaanza. Uani kwake kuna ukuta wa udongo unaotazama mashariki, na nimeshapima: mita 4.