Mbali na Modrić, ni Wakroatia gani wanaofaa kuzungumzwa kwenye klabu ya wanafunzi?

Mwalimu_Tukuyu aliandika:

Wanajukwaa, habari za jioni. Ninasimamia klabu ya maarifa ya jumla katika sekondari moja hapa Tukuyu, na muhula huu tunaichukua nchi moja baada ya nyingine na kuwachambua watu wake mashuhuri. Wanafunzi wenyewe wameichagua Kroatia, na sababu haijifichi: wanamfahamu Luka Modrić kutoka kwenye vibanda umiza, na wanajua kwamba timu ya taifa lake ilicheza fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2018, ikafungwa na Ufaransa mabao 4 kwa 2, kisha ikashika nafasi ya tatu mwaka 2022. Sasa wamenibana na swali. Nchi yenye watu wasiofika milioni nne, takriban kama Mbeya na Songwe zikijumlishwa, ina nani mwingine zaidi ya wacheza mpira?

Majina ninaweza kuyapata, lakini sitaki kuwasomea orodha ya majina na tarehe hadi wasinzie. Naomba mnisaidie kuchagua watu wachache wa michezo, muziki, sayansi na uigizaji ambao habari zao zinaweza kujaza kipindi. Pia naomba ushauri kuhusu Nikola Tesla, yule mvumbuzi wa mambo ya umeme, kwa sababu kila ninapomtaja hutokea mtu wa kunisahihisha kwamba yule ni Mserbia.

Mjiolojia_Kihesa alijibu:

Kamwene, mwalimu. Kwa shule iliyo chini ya Mlima Rungwe, mimi ningeanza na Andrija Mohorovičić, na kama muda ungekuwa mfupi ningeishia kwake. Alizaliwa mwaka 1857 katika mji mdogo wa Volosko, kwenye pwani ya Adriatiki, akiwa mtoto wa mhunzi aliyefua nanga za meli. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa ya hali ya hewa, na ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo cha uchunguzi wa hali ya hewa cha Zagreb, mji mkuu.

Tarehe 8 Oktoba 1909 tetemeko lilipiga eneo la Pokupsko, kusini mwa Zagreb. Mohorovičić alikusanya michoro ya mashine za kurekodia matetemeko kutoka vituo mbalimbali vya Ulaya, akailinganisha, na akaona jambo ambalo halikuwa na maelezo: katika baadhi ya vituo wimbi la tetemeko la aina ileile lilionekana kufika mara mbili, na katika vituo vya mbali lililotangulia lilikuwa limesafiri kwa kasi isiyowezekana katika miamba ya juu. Hitimisho lake lilikuwa kwamba wimbi hilo lilizama hadi kwenye tabaka la miamba mizito zaidi, likakimbia humo, kisha likapanda tena. Ni sawa na dereva anayeacha njia ya vumbi na kuzunguka hadi kwenye lami: amejiongezea kilometa, lakini kwa safari ndefu anawahi kuliko aliyekata moja kwa moja.

Kutokana na hesabu hizo alikadiria, katika andiko lake la mwaka 1910, kwamba mpaka kati ya ganda la nje la dunia na tabaka lililo chini yake uko kwenye kina cha takriban kilometa 54 katika eneo lile. Mpaka huo unaitwa kwa jina lake hadi leo, ingawa wanajiolojia wavivu kama mimi tumeukata ukabaki "Moho". Chini ya mabara kina chake kwa kawaida ni kati ya kilometa 30 na 50, na chini ya bahari ni kilometa chache tu. Waambie wanafunzi pia kwamba tarehe 13 Desemba 1910, mwaka uleule wa andiko lake, eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa kuwahi kurekodiwa barani Afrika. Wao wanaishi juu ya Bonde la Ufa. Habari hii inawahusu kuliko habari ya kiatu cha dhahabu.

Mama_wa_Mafinga alijibu:

Mwalimu, mimi ni mstaafu wa idara ya afya, nami nashangaa kwamba Andrija Štampar hatajwi popote watu wanapozungumzia nchi ile. Huyu alikuwa daktari, mzaliwa wa mwaka 1888, aliyeshikilia kwamba afya ya mwanakijiji inategemea maji safi, choo na elimu kabla ya kutegemea dawa, na kwamba daktari ndiye anayepaswa kuwafuata watu walipo. Msimamo wake haukuwafurahisha wakubwa, akaondolewa serikalini. Baadaye akafanya kazi China chini ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili Wajerumani wakamweka kizuizini. Mwaka 1948 ndiye aliyeongoza mkutano mkuu wa kwanza wa Shirika la Afya Duniani, jijini Geneva. Sisi tuliotembea vijijini tukihimiza wananchi kuchimba vyoo tulikuwa tukifanya kazi ambayo yeye aliipigania miaka mingi kabla yetu.

Mkazi_wa_Uyole alijibu:

Ninawaheshimu waliotangulia, lakini mwalimu aliomba pia watu wa michezo na hakuna aliyewataja. Modrić asipitwe haraka hivyo, kwa kuwa maisha yake ni zaidi ya mpira. Mwaka 1991, Modrić akiwa na umri wa miaka sita, babu yake aliuawa katika vita vya Kroatia kujitenga na Yugoslavia, familia ikakimbilia Zadar na kuishi hotelini kama wakimbizi, naye akajifunza mpira kwenye maegesho ya magari ya hoteli. Mwaka 2018 alipotwaa Ballon d'Or alivunja utawala wa Messi na Ronaldo uliodumu miaka kumi.

Nje ya soka, chagueni Dražen Petrović wa mpira wa kikapu. Mwaka 1985 alifunga pointi 112 katika mchezo mmoja wa ligi ya Yugoslavia, ingawa haki itendeke: wapinzani siku ile walichezesha vijana wadogo. Heshima yake halisi aliijenga Marekani katika timu ya New Jersey Nets, wakati ambapo wengi waliamini kwamba mchezaji wa Ulaya hawezi kufua dafu kule. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Ujerumani tarehe 7 Juni 1993, akiwa na miaka 28 tu.

Wasichana wasisahauliwe. Blanka Vlašić aliruka juu mita 2.08 jijini Zagreb mwaka 2009, na jina lake limetokana na Casablanca, mji wa Morocco ambako baba yake alishinda medali ya dhahabu mwaka aliozaliwa binti huyo. Janica Kostelić alichukua dhahabu tatu na fedha moja za kuteleza kwenye theluji katika Olimpiki ya 2002, lakini mchezo huo utakulazimu kutafuta video kwanza.

Fundi_Umeme_Mwanjelwa alijibu:

Kuhusu Tesla, mwalimu, usichague upande. Alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kiko Kroatia na wakati ule kilikuwa chini ya dola ya Austria. Wazazi wake walikuwa Waserbia na baba yake alikuwa kasisi wa Kiorthodoksi. Mwaka 1891 akawa raia wa Marekani. Yote matatu ni kweli kwa pamoja. Wakroatia wameweka sura yake kwenye baadhi ya sarafu zao za senti tangu walipoanza kutumia yuro mwaka 2023, na majivu yake yamehifadhiwa Belgrade, mji mkuu wa Serbia.

Kinachofaa kufundishwa ni kazi yake ya umeme wa mkondo geu, yaani umeme unaogeuza mwelekeo wake mara kwa mara. Umeme huo unaweza kupandishwa volti kwa transfoma, na volti ikiwa juu mkondo unaopita kwenye waya unakuwa mdogo, hivyo upotevu njiani unapungua. Ndiyo maana umeme wa Kihansi unafika mbali. Mwezi Agosti 1895, kituo cha Jaruga kwenye Mto Krka kilianza kupeleka umeme wa namna hiyo hadi mji wa Šibenik na kuwasha taa za barabarani. Mji huo mdogo ndiko alikozaliwa Petrović, na pia mpiga piano Maksim Mrvica na mwigizaji Goran Višnjić, yule daktari Luka Kovač wa tamthilia ya ER.

Kwenye uigizaji, hata hivyo, mimi ningemchukua Mira Furlan, mzaliwa wa Zagreb. Vita kati ya Wakroatia na Waserbia ilipoanza mwaka 1991 alikuwa akiigiza Zagreb na Belgrade pia, akatukanwa na kutishwa kwa kutokubali kuchagua upande, akahamia Marekani na kuanza upya. Kwa muziki, wasikilizishe klapa, uimbaji wa sauti kadhaa wa Dalmatia, eneo la pwani ya Kroatia, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake mwaka 2012. Hapo majina hayahitajiki.

Mwalimu_Tukuyu alijibu:

Ndaga fijo, wakubwa wangu. Kila mtu nitamweka na mahali alipozaliwa, wazazi wake na alikofanyia kazi, bila kumbandika bendera, na hoja ya Tesla nitawaachia wanafunzi waijadili wenyewe. Kipindi cha kwanza ni cha Mohorovičić. Mjiolojia, je, kuna jaribio linaloweza kufanyika bila vifaa?

Mjiolojia_Kihesa alijibu:

Lipo, na linahitaji uwanja na saa ya simu tu. Wanafunzi wawili waanze pamoja kwenye mstari mmoja wa pembeni: wa kwanza atembee kuufuata mstari huo hadi mwisho, wa pili atembee kuvuka uwanja hadi mstari wa upande wa pili, akimbie kwenye mstari huo, kisha atembee kurudi alipo mwenzake. Rudieni kwa umbali mfupi na mrefu. Kwa umbali mfupi atashinda wa kwanza, kwa umbali mrefu atashinda wa pili, na mkishajua kasi zao pamoja na umbali ambao wanafika sawia, mnaweza kukokotoa upana wa uwanja bila kuupima.