Naomba ushauri: mhusika wangu mkuu hapendeki, je, nimtakase?

Ndugu wanachama, shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Ninaandika riwaya hapa Kigoma kuhusu mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi anayempenda mwanamke mwenzake, ila si mtu mwema: katika sura ya tatu anachokoa kibubu cha mpenzi wake kwa kisu cha kuparia samaki, kisha anatazama kimya mtoto wa jirani akichapwa kwa wizi huo. Rafiki zangu wawili waliosoma mswada wananisihi nimtakase, kwa hoja kwamba wanawake wa aina yake wanasemwa vibaya vya kutosha.

Hoja hiyo naielewa, lakini hainiridhishi. Katika riwaya ya Big Swiss ya Jen Beagin, iliyotoka Marekani mwaka 2023, mhusika mkuu Greta anazijua siri za mwanamke kwa kunakili mazungumzo yake ya tiba, kisha anaanza mapenzi naye kwa jina la uongo, na bado msomaji hamwachi. Hata Rosa wa riwaya ya Kezilahabi, Rosa Mistika, tunaye tangu 1971, na hatukumtaka awe malaika.

Nifanyeje ili msomaji achukizwe na tabia yake bila kudhani kuwa chanzo chake ni mapenzi hayo? Na majirani wamwiteje? Neno "msagaji" limekwisha kuhukumu kabla hadithi haijaanza, ilhali "mwanamke anayependa wanawake" ni refu mno kwa kinywa cha sokoni. Tena kile kibubu: aungame, au ninyamaze naye?